Meza ya Jirani Dereva

Jirani yangu huendesha lori la majani chai hapa Kimulot, na usukani umemkausha viganja hata havitambui mbao laini na mbao zinazokwaruza. Kwa hiyo akipiga msasa ile meza kuukuu aliyonunua Sotik, huinama na kupitisha shavu juu yake. Akihisi mkwaruzo, hunyanyuka na kuanza upya. Mvua ya alasiri ikija huiingiza ndani, ikikatika huitoa tena. Mkewe, Tecla, alikuwa amerudi kwao Fort Ternan, akisema amechoka kula sahani ikiwa mapajani kama mtu aliyekuja matanga.

Jumamosi nilikuwa naanika nguo Tecla alipofika na dada yake kuchukua vitu vyake vilivyobaki. Jirani hakumbembeleza. Alipangusa vumbi la meza akasema, "Weka shavu hapo."

Tecla alimtazama kwanza, kisha akainama, akafumba macho.

"Hapa kwa kona bado inakwaruza."

"Kona ni ngumu."

"Lete hiyo msasa."

Dada yake alisimama mlangoni na mfuko mtupu, akiwaangalia wakisugua. Mwishowe aliukunja, akauliza nyumba hii majani chai huwekwa wapi.