Dirisha la Nyanya Kwenye Gari Jipya

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na maneno niliyokosea. Niliishia darasa la nane na naandika polepole.

Muuzaji alituletea nyumbani Gilgil gari la familia lenye umbo jipya, tubadilishane na letu la zamani. Watu wote wa nyumbani walisimama mbele ya gari hilo.

"Hizi taa ni kama macho ya mwizi!" kaka akacheka.

"Wivu tu," baba akasema. Alikuwa ameshika logbuku, hati ya umiliki wa gari letu, tayari kuikabidhi.

Mimi niliingia kiti cha nyuma, mahali anapokaa nyanya. Dirisha wamelipandisha juu na kulifanya jembamba. Nyanya asipoona nje, hutapika kabla hatujafika Naivasha.

Sikuwa nimewahi kumpinga baba, tena mbele ya mgeni.

"Baba, hebu kaa hapa."

"Wewe nawe! Umejulia wapi magari?"

Lakini akaingia, akajikunja hadi kimo cha mama yake, akajaribu kuchungulia nje. Alipotoka, aliitia logbuku mfukoni.

"Boss, rudi nalo."

Tangu siku hiyo haniongeleshi sana. Wenye gari kama lile, niandikieni: wazee wenu wanaona nje?