Pepo Aliyepika Sombe

Nichekeni tu, maana hata mke wangu Neema bado ananicheka, na wageni wakiomba nisimulie habari hii huwa natafuta kazi ya kufanya nje.

Neema alikuwa amelazwa Mbarara akisubiri kujifungua mtoto wetu wa kwanza, mimi nimebaki peke yangu kambini Nakivale, nashinda sokoni Rwekubo nikishona viatu. Jioni ya kwanza narudi, nyumba imefagiliwa. Ya pili, jerikani zimejaa maji na shati langu limetiwa kifungo. Ya tatu nakuta sombe ya moto jikoni (majani ya muhogo yaliyotwangwa, yenye mawese, jamani, mate yalinitoka), na kufuli la mbele liko vilevile nilivyoliacha. (Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba ambayo hata mbuzi angeifungua, ila mimi nilikuwa nimeshaamua ni pepo, tena anamsubiri mtoto wangu.) Sikutaka kumtisha Neema kwa simu, nikanunua daftari, nikaandika kila kitu kwa siku na saa, kisha nikalipeleka kwa mchungaji.

Jumamosi mchana, saa ambayo huwa niko kazini, akaja na kwaya nzima, wakaizunguka nyumba, mimi nikasimama naye mlango wa nyuma ili pepo asitoroke. Ndani tukasikia kigoda kinasogezwa. Mchungaji akafungua daftari, akasoma kwa sauti kubwa: "Jumanne, sombe ya moto. Sikuionja. Nilimwaga yote chooni."

Halafu sauti ya mama mtu mzima ikatoka ndani, polepole.

"Ile sombe nilitwanga miye. Muliimwanga mu choo?"

Alikuwa mama mkwe wangu, anayekaa kijiji cha pili. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, basi Neema alikuwa amepatana naye aje nikiwa kazini, aondoke kabla sijarudi, nami nisiambiwe nisije nikashindwa kula kwa aibu. Sasa mama wa watu hawezi kutoka, kwa kuwa aliyeziba mlango ni mimi. Mchungaji akaninong'oneza nikimbie, nikajifunika uso kwa koti nikaingia kwenye mahindi, kwaya ikicheka, na huko nikalia kweli, maana mikono ya mama yule inamuuma na bado alinitwangia.

Jumatatu nikakuta sombe nyingine. Niliimaliza yote, nikapangusa na sufuria.

Tangu hapo nikikaribia nyumbani naanza kukohoa nikiwa bado njiani, nasimama, hata kama mvua inanyesha, mpaka nisikie mlango wa nyuma umefungwa, ndipo naingia.