Roboti Yangu Ilishika Viti Vinne vya Basi

Admin, naomba ufiche jina langu na la kampuni, maana hapa Lubumbashi tunajuana. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Kipushi, sijaoa. Nimesoma informatique, mambo ya kompyuta, na mnaojua hali ya kazi hapa mtaelewa nilivyoruka kwa furaha nilipochukuliwa na patron mmoja mwenye malori na mabasi, mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini. Aliyeniombea kazi hiyo ni mama wa guichet, dirisha la kukatia tiketi; nitamwita Yaya Mado, yaani dada mkubwa. Ni mjane mwenye watoto wanne. Bila yeye ningekuwa bado nauza unités, vocha za simu, kando ya barabara.

Nilipewa kazi ya kutengeneza tovuti ambayo abiria anachagua safari, anaandika jina, anashika kiti. Vita vilipochacha kule mashariki na watu wakaanza kuvuka ziwa hadi Kalemie, patron akaongeza mabasi ya kuwaleta huku. Kila siku ilikuwa badilisha hiki, ongeza kile, haraka! Nikigusa sehemu moja, nyingine inaharibika. Ndipo nikaweka majaribio ya kujiendesha, yaani roboti inayofungua kivinjari yenyewe na kubofya kama abiria. Inashika viti vinne, inahakikisha vimeandikwa, halafu inavifuta. Ikimaliza salama naona kijani. Nilijiona mjanja sana, siwafichi.

Roboti lazima ipewe majina ya kuandika. Siku ile Yaya Mado alikuwa kwenye simu akiwagombeza wanawe mmoja mmoja, Grâce, Plamedi, Exaucé, Dorcas. Nikayachukua hayo hayo, pamoja na jina la baba yao, huku nikicheka peke yangu. Sikumwambia.

Majaribio kama hayo hufanyiwa kwenye nakala ya tovuti, si kwenye ile wanayotumia abiria wenyewe. Nakala nilikuwa nayo. Lakini kuna wiki umeme ulikatika mno, mashine yenye nakala ikafa, nikaingia kwenye faili ya mipangilio nikaweka anwani ya tovuti ya kweli. Nilijiambia ni kwa siku moja tu. Mashine ilipopona sikurudisha. Nilisahau, ndugu zangu, mstari mmoja tu! Na kwa kuwa roboti ilifuta viti vyake kila mara, hakuna aliyegundua.

Mpaka siku mtandao ulipokatika katikati. Roboti imeshashika viti vyake vinne kwenye basi la kutoka Kalemie, haijavifuta. Nikaona nyekundu, nikasema ah, ni réseau, nikaenda kula.

Kule Kalemie basi lilikuwa linajaa. Patron ana amri yake, kiti kilichoshikwa hapewi mtu mwingine, kwa sababu wengi waliokimbia hupandia njiani. Akafika mama mmoja na wajukuu watatu, akaambiwa hakuna nafasi. Alilia, akasema yeye ni dada wa patron, lakini karani hamjui na simu hazikupita. Basi likaondoka, likafika hapa na viti vinne vitupu. Mama yule akapanda na wajukuu juu ya lori la samaki wakavu. Lori lilipinduka njiani, na mjukuu wa miaka sita akavunjika mguu mahali pawili. Madaktari hawajasema kama atatembea vizuri tena.

Walipofika, patron alilia mbele yetu, mwanaume mzima. Kisha akafungua orodha ya basi lile, akamwita Yaya Mado, akamsomea majina manne ya viti vile vitupu.

"Mado, hii majina ine ni ya nani?"

"Ni ya batoto yangu, patron, lakini..."

"Batoto yako balikuwa Kalemie?"

"Apana! Bote iko hapa ku masomo!"

"Njo ulificha nafasi na majina yabo, juu ya kuuzisha mu njia! Na dada yangu anabakia inje!"

Yaya Mado aliapa kwa kaburi la mumewe. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, na nilijua tangu patron aliposoma jina la kwanza. Nikarudi mezani kwangu, nikarekebisha anwani, nikafuta ripoti zote za majaribio. Hilo linaniaibisha kuliko yote, maana kosa la kwanza nilisahau, hili la pili nimelifanya macho makavu.

Yaya Mado amefukuzwa. Jumatatu patron anampeleka polisi, na anataka nichapishe orodha ile na kuweka sahihi yangu kwamba majina yaliandikwa guichet. Alinishika bega akasema, "Weye njo mutu ya kweli nabakia naye hapa." Nilitamani ardhi inimeze. Baba yangu hana kazi, wadogo zangu watano wanasoma kwa mshahara wangu. Nikisema ukweli, polisi watanishika mimi. Patron ana uchungu wa yule mtoto, hatasikia habari za anwani na mipangilio. Naogopa, nawaambia wazi.

Leo asubuhi Yaya Mado amekuja kwangu. Nilidhani ameshajua. Lakini alikaa, akaomba maji, akaniambia:

"Mudogo yangu, mi sijue mambo ya mashini. Weye njo unajua. Angaria mule ndani, utaona mutu mwenye aliandika majina ya batoto yangu. Uniambie tu jina yake. Mi sitamufanya kintu. Nitamuuliza tu, batoto yangu balimufanya nini?"

Nikamjibu kwamba nitaangalia. Akanishukuru. Akanishukuru, jamani! Akasema ni mimi peke yangu nimebaki upande wake, na kwamba kesho akitoka misa atapita kuchukua lile jina.

Nishaurini, wapendwa, lakini msichelewe. Kesho akigonga mlango, nimwambie nini?