Vimkate vya Jibini Siku Waliyokuja Kumposa Zuwena

Nalisimulia mwenyewe kwa sababu nyote mshalisikia nusu nusu, na kila anayelipokea analizidisha kidogo, hata juzi kwenye harusi moja nikakaa karibu na mwanamke asiyenijua akanihadithia mimi mwenyewe, ati kuna mtu wa Azaiba aliwalisha wakwe sabuni. Haikuwa sabuni. Aibu yangu naikubali yote, lakini sabuni haikuwamo.

Mimi, tuseme kweli, ni mtu wa shaka. Nikipewa kitu nakinusa, nikipewa salamu najiuliza huyu anataka nini. Miaka hiyo ya tisini tulikuwa tumehamia huku Arabuni, mtaa wa Azaiba, na nyumba tuliyoungana nayo ukuta wakapanga Wabrazili, mume fundi mkubwa wa mambo ya mafuta (nilimwona mara chache tu, siku zote yuko jangwani) na mke jina lake Rosa, mnene, mcheshi, Kiingereza chake nusu kwa mdomo na nusu kwa mikono. Changu ni cha ofisini, basi tukawa tunaelewana kwa kukadiria. Siku moja akaniletea sahani ya vimkate vidogo vya mviringo, vya moto, nje vinakauka na ndani vinavutika, vina jibini. Mdogo wangu Zuwena, aliyekuwa akikaa kwangu tangu mama yetu kufariki, akavimaliza amesimama pale pale mlangoni.

Sasa Zuwena ndiye aliyekuja kuposwa. Kijana mwenyewe Khalfan, mpole, ana kazi yake wizarani, na Zuwena alikuwa anamtaka mpaka kuficha hawezi. Mama yake Khalfan, Bi Nasra, akaleta khabari kwamba Alkhamisi baada ya alasiri atakuja na dada yake kututazama. Kila niliyemuuliza kuhusu Bi Nasra alinambia maneno yale yale: mtu mwema, lakini haamini mtu. Mwanawe mkubwa alishamvunjia posa moja kwa sababu kule alipewa kahawa yenye harufu asiyoijua, akasema wanataka kumtia mwanawe dawa. (Niliposikia hivyo nilimcheka. Nilimcheka, jamani, mimi.)

"Dada," Zuwena akanambia, "usifanye sambusa. Sambusa anakula kila nyumba. Mfanyie vile vya Rosa."

Nikenda kwa Rosa, akafurahi kama anaolewa yeye. Akanieleza: unachemsha maziwa na mafuta na chumvi, unamwagia unga, unakanda, ukipoa unatia mayai na jibini ya kukwaruza, unaviringa, unatia kwenye oveni. Rahisi. Kisha akanipa mfuko wa unga wenyewe, mweupe pepe, mfuko hauna jina wala picha, akasema ni wanga wa muhogo aliokuja nao kwenye sanduku kutoka kwao. Akacheka wakati ananipa. Na mimi njia nzima ya kurudi (hatua chache tu, ukuta mmoja) nikawa najiuliza, anacheka nini?

Nyumbani nikaufungua nikaunusa. Mchachu. Uchachu wa kitu kilicholala siku nyingi, unaopanda puani. Nikamwita mume wangu Said aunuse.

"Unga," akasema.

"Umechacha huu. Kitu kikichacha si ndiyo pombe inavyoanza?"

"Zainab, mwanamke kakupa unga."

"Na kwa nini mfuko hauna maandishi?"

Said akachukua gazeti lake akaondoka. Mimi nikabaki na mfuko. Kwenda kumuuliza Rosa niliona haya, nitamwambiaje, unga wako nnautilia shaka? Na kumpa Bi Nasra kitu ambacho sijui kimetengenezwa vipi, huyo aliyevunja posa kwa harufu ya kahawa, nikaona ni wazimu. Basi nikakata shauri, shauri dogo tu, ambalo yote yaliyofuata yametoka hapo: mfuko wa Rosa nikauweka juu ya kabati, nikasema wanga ni wanga, ntanunua wangu mwenyewe, ninaoujua.

Nikashuka sokoni Matrah asubuhi. Kwetu Unguja mama alikuwa anakamua wanga wa muhogo, mwengine anatupikia uji na mwengine anapigia pasi kanzu za baba, wanga ule ule mmoja, kwa hiyo kichwani mwangu halikuwapo swali lolote. Nikaingia duka la kwanza nililoliona, nikamwambia mzee wa dukani kwa Kiarabu nataka nasha, yaani wanga. Akanifungia kwenye karatasi.

"Mzuri?" nikamuuliza.

"Mzuri sana, mama. Ukitumia huu, kitu kinasimama, hakilali mpaka jioni."

Mimi nikafikiria vimkate vilivyoumuka. Nikamuuliza tena kama ni msafi, akasema msafi kuliko wote. Duka lile lilikuwa linauza brashi, sabuni za mche na pasi za makaa, nilikuwa naviona vyote kwa macho yangu, na siku hiyo moja katika umri wangu mzima sikushuku kitu.

Alkhamisi nikaanza kazi mapema. Nilikuwa nimefunga, nnalipa siku zangu za Ramadhani, kwa hiyo kuonja haikuwezekana. Nikamwagia unga maziwa ya moto, na hapo hapo donge likageuka rangi. Kwanza samawati hafifu, kama anga. Nikasema ni bakuli. Nikabadilisha bakuli. Nikatia mayai, samawati na kiini cha yai vikachanganyika ikawa kijani. Hapo nikamshuku kila mtu: muuza mayai, jibini ya kopo, maziwa, mpaka Said nikamwita nikamuuliza alikuwa anafanya nini jikoni asubuhi. Wanga wangu sikuushuku, wanga nimeununua mwenyewe.

Wakati wa kuanza upya haukuwapo tena. Nikaviringa, nikatia kwenye oveni, na vilipotoka, wallahi, vizuri. Juu vimepiga rangi ya dhahabu, vimevimba, huwezi kujua kitu. Nyumba nzima nilikuwa nimeifukiza udi, basi hata kama vilikuwa na harufu yao, ilipotelea humo. Nikasema hata ndani rangi ile itakuwa imeungua, imekwenda.

Bi Nasra akaja na dada yake, Bi Zuhura, wakakaa. Zuwena akaleta kahawa, macho chini. Bi Nasra akaitazama nyumba pembe moja baada ya moja, akalitazama pazia, akanitazama mimi. Akauliza vimkate hivi ni nini. Nikamwambia kwa majivuno ni vya Kibrazili, nimevioka mwenyewe. Akachukua kimoja, akakipasua.

Ndani kijani. Kijani cha ukuta wa hospitali, na kinavutika, uzi mrefu kutoka nusu hii mpaka nusu ile.

Bi Nasra akakiinua mpaka puani. Kisha akakirudisha kwenye sahani polepole, akajifuta vidole kwa leso yake mwenyewe, si ile niliyompa.

"Mwanangu," akanambia, "kula wewe kwanza."

"Nimefunga, Bi Nasra."

"Umefunga leo."

"Nnalipa siku zangu."

"Leo hii, tuliyokuja sisi."

Akamgeukia dada yake, na Bi Zuhura alikuwa ameshaanza kusoma dua kimya kimya, midomo inatikisika. Hapo ndipo nilipofahamu nimekaa wapi. Miaka yote mimi ndiye ninayenusa vya watu, na sasa kuna mtu ananitazama mimi kwa jicho lile lile, ananiona mchawi nyumbani kwangu, na kila ninalosema linazidi kunizamisha.

Zuwena akanyoosha mkono. "Ntakula mimi," akasema, na kabla sijamzuia akatia kimoja mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena. Machozi yakamlengalenga, na kwa sauti ndogo akasema, "Dada, mbona kama nakula kanzu?"

Kanzu. Lilipotoka neno lile nikaliona duka lote mbele yangu, brashi, sabuni, pasi, na mzee ananambia kitu kinasimama hakilali. Nikenda jikoni nikaleta karatasi ya wanga, nikautilia maji kidogo kwenye kijiko mbele yao, na maji yakawa samawati. Ulikuwa wanga wa kupigia pasi dishdasha, kanzu za wanaume wa huku, umeshatiwa nili ndani yake nguo zing'are, na manukato juu yake.

Wenzangu, nilikuwa na njia mbili tu, nionekane mchawi au nionekane mjinga. Nikachagua ujinga, na nikauchagua wote. Nikawaeleza kila kitu, mfuko wa Rosa, uchachu, pombe, Matrah, bakuli nililolibadilisha. Nikenda hata kuuteremsha ule mfuko juu ya kabati. Bi Zuhura aliacha kusoma, mabega yakaanza kumcheza, akajifunika uso kwa mtandio. Bi Nasra hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo ulimdhania jirani yako vibaya."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakudhania wewe."

"Msichana huyu," akasema, akimtazama Zuwena ambaye alikuwa bado anakunywa maji, "amekula kwa ajili ya dadake." Akaomba kahawa nyengine. Posa ikapita hapo, na mimi nikatoka nikajifungia chooni nikalia kwa haya.

Siku ya pili Rosa akagonga kuuliza yaliendaje, na sikuwa na budi kumwambia naye. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akanieleza kwamba wanga wao huachwa majini siku kadhaa uchache kwa makusudi, ndiyo ladha yake. Na mimi niliyezaliwa Unguja, niliyekula muhogo uliorowekwa tangu sijaota meno, ndiye niliyeuita pombe.

Zuwena ana watoto watatu sasa. Bi Nasra tunapendana, nampenda kikweli, lakini chakula cha mkono wangu mpaka leo hali kabla sijala mimi. Ananitazama tu, na mimi natia tonge mdomoni mbele yake, natafuna, nameza, kisha ndiyo anajipakulia. Nimeapa mgeni hatoletewa sahani yangu tena siku niliyofunga.