Nilivyomtafuta Jumbe wa Mchwa

Nianze na ujinga wangu kabla mwingine hajawahi kuusimulia vibaya: mwaka jana nilikibomoa kichuguu cha mama yangu, kwa jembe lake mwenyewe, nikimtafuta jumbe wa mchwa.

Kwetu huku Mbozi, upande wa Isansa, kichuguu si rundo la udongo tu. Kina mwenyewe, kama mti wa kahawa. Hicho cha nyuma ya migomba yetu mama alipewa na mama yake alipoolewa. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanaotoka pale ni wake, na ukikutwa umeinama pale na kibuyu chako utaitwa mwizi hata kama wewe ni katekista.

Mwaka ule bibi, huyo mama yake mama, alikuwa amelala kwetu mgonjwa tangu kahawa ilipoanza kuchumwa. Uji aliuonja akaurudisha. Kila tukimwuliza anataka nini, jibu moja tu: "Nileteeni kumbikumbi wa kichuguu changu. Nikiweza kuwala, nitajua nabaki. Nikishindwa, nasafiri." Mama akitoka nje alikuwa anakitazama kichuguu kuliko anavyotazama mawingu.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Ndiyo maana nauita ujinga.

Kosa lilianzia shuleni. Mwalimu alitufundisha kwamba kila kundi la viumbe lina mtawala: nyuki wana malkia, mchwa wana malkia, Waingereza wana mfalme, na darasa la sita lina yeye. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo malkia wa mchwa anatoaje amri, naye yuko gizani chini ya ardhi?"

"Anatoa."

"Kwa mdomo au kwa filimbi?"

Nikala viboko viwili. Swali halikujibiwa, lilihama tu kichwani likaenda kukaa makalioni, na huko halikuniacha niketi kwa raha.

Jumamosi mama alipokwenda mtoni kufua, nikachukua jembe. Nilichimba ubavu wa kichuguu hadi mkono ukazama mpaka begani. Askari wa mchwa, wale wenye vichwa vikubwa, waliniuma vidole vyote, hakuna kilichobaguliwa. Mwishoni nikafikia chumba cha udongo mgumu, mfano wa andazi lililokauka, nikakipasua pembeni.

Jamani. Malkia alikuwa mnene kama kidole gumba cha mtu mzima, mweupe, tumbo linatetemeka, vijiguu haviwezi kulibeba. Wadogo wanamlisha huku, wanamchukulia mayai kule. Hana anachokiona. Nasema bila kumkosea adabu mtu: bibi yangu, mgonjwa kitandani, alikuwa anatoa amri nyingi kuliko yule.

Nikakifunika chumba chake kama nilivyoweza, nikachuchumaa kando. Kama malkia siye, basi yupo mnyapara. Kila kazi niliyowahi kuiona, ya barabara au ya shamba, ina mtu anayesimama pembeni mikono mgongoni. Nikamngoja ajitokeze.

Walitoka wadogo, kila mmoja na punje yake ya udongo mbichi mdomoni. Mmoja anabandika hapa, mwingine kule, wa tatu anazunguka na punje yake kama mtu aliyepotea mnadani. Nikacheka peke yangu: kazi hii Yesu atarudi ataikuta. Lakini pale punje mbili zilipokutana, wa tatu akaongeza yake. Wa nne naye akapenda hapohapo. Ikawa nguzo. Ikatokea nguzo nyingine jirani, zikainamiana, zikashikana juu. Hakuna aliyepima kwa kamba. Nikajifanya Bwana Shauri, yule mkubwa wa serikali, nikaweka kijiti katikati na kuamuru, "Pitieni kushoto!" Wakakijengea ndani ya ukuta, pamoja na mamlaka yangu yote.

Mnyapara hakuja. Hapo mzaha ukanitoka. Siku zote nilikuwa namwomba Mungu kama mtu aliyekaa nyuma ya meza kubwa, anatuita mmoja mmoja. Siku ile nikawaza huenda yumo ndani ya punje ya udongo yenyewe, mmoja akiiweka, mwenzake anajua pa kuweka yake. Nikakumbuka akina mama kanisani: mmoja anaanza wimbo, sauti ya pili inaingia, ya tatu inatafuta nafasi yake, na hakuna aliyesema "wewe imba hivi." Nikaogopa. Nikasikia pia sauti ya mama njiani, nikaogopa zaidi. Nikalitupa jembe kwenye migomba, nikatoweka.

Mvua ilikuja wiki mbili baadaye. Alasiri ilipotulia, vichuguu vya majirani vilimwaga kumbikumbi kama maji. Chetu kimya. Mama alikuwa amekifunika kwa majani ya migomba, ameacha mlango mmoja na chungu chini yake, na anagonga vijiti juu ya udongo ili mchwa wadhani mvua inaendelea.

"Baba, piga na wewe," akaniambia. Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake.

Nikapiga. Harusi hazijapigiwa hivyo.

"Mbona unatokwa jasho na baridi yote hii?"

"Bidii, mama."

"Bidii hiyo ilikuwa imesafiri wapi?"

Niliomba moyoni. Yule wa nyuma ya meza sikujua tena nimwombeje, nikaiomba ile punje. Ndipo ubavuni, pale pale nilipobomoa, ukuta mpya ukafunguka kijitundu, kumbikumbi wakaanza kumiminika nje ya majani. Nikavua shati la shule nikalitandaza juu yao. Tulijaza chungu na kibuyu.

Mama akawakaanga kwa chumvi ya Ivuna. Bibi alikula kiganja kimoja, akaomba cha pili, kisha akaniita, "Mume wangu, waambie walete na ugali. Safari imeahirishwa." Mama alicheka hadi akafuta macho kwa kanga.

Kisha akaniita nje, akanionyesha ule ubavu wa kichuguu, udongo wake ukiwa mwekundu kuliko kwingine, akasema:

"Mchwa wamerudisha udongo mahali pake bila kuambiwa na mtu. Jembe langu liko wapi?"