Ulimi wa Mbwa wa Setla

Juzi mjukuu wangu alianguka hapa uani kwangu, Kakamega mjini, akachubuka goti. Nilipotoka jikoni nilimkuta amekaa kwenye ngazi, mguu ameunyoosha, na kijibwa cha jirani kinamlamba damu. Nikakifukuza kwa ufagio. Mtoto akaniangalia mimi bibi yake kama mtu aliyeona mwehu.

"Kukhu, mdomo wa mbwa ni safi kuliko wa mtu," akasema. "Iko hata kwa simu."

Mimi si mtu wa kulia ovyo, wewe unanijua. Lakini niliketi pale pale kwenye ngazi na ufagio wangu. Maneno hayo niliyasikia zamani sana kabla ya hizo simu zao, na niliyasikia kwa baba yangu mzazi.

Baba alikuwa mpishi wa setla mmoja kule Lugari. Uhuru ulipokuja, yule mzungu aliuza akaenda kwao, shamba likakatwakatwa likawa skimu ya kugawia wananchi, na baba akapata sehemu yake si mbali na Lumakanda. Ndipo mama na sisi watoto tukatoka Khwisero kumfuata. Setla alikuwa amebeba kila kitu, hata vitasa vya milango. Alichoacha ni mbwa, dume kubwa la rangi ya chai ya maziwa, na baba akamrithi.

Jioni tukila obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda, mbwa akilala mlangoni, baba alikuwa na hadithi yake moja. "Miaka kumi na moja nimempikia yule mzee," anasema. "Supu yake sikuonja. Siku moja aliniona nimeonja kwa kijiko, akamwaga sufuria nzima. Lakini huyu hapa alikuwa analambanga sahani yake mpaka inang'aa, halafu mzee anambusu mdomoni. Na mzee sijamwona akiumwa tumbo hata siku moja. Mzungu amesoma. Anajua mdomo gani ni safi."

Anacheka, na sisi tunacheka. Mama hakuwa anacheka. Nimezeeka ndipo nimeelewa baba alikuwa anatuambia nini, na hasira inanipanda mpaka leo. Mtu mzima aliambiwa kinywa chake ni kichafu kuliko cha mbwa, naye akakubali, akatuletea nyumbani kama elimu.

Basi mimi niliichukua hiyo elimu nikaiweka. Kila Jumatatu mwalimu alitukagua meno, na sisi tulisugua kwa kijiti na mkaa mpaka ufizi unatoa damu, na bado fimbo tulikula. Mbwa hakuwa na kijiti wala mkaa, na meno yake yalikuwa meupe pe. Ushahidi gani tena ulihitajika?

Mdogo wangu alikuwa wa miaka sita, mwenye pengo mbele, msichana wa kucheka hata akichapwa. Mwaka huo tulivuna mahindi ya kwanza yaliyokuwa yetu kabisa. Siku nzima ulisikia watu wakipura, fimbo zikipiga magunia huku na kule kwenye skimu, na moshi wa magunzi ulikaa kwenye nguo zetu. Shambani mabua yalikatwa kwa panga, mshazari, yakabaki visiki vyenye ncha, na sisi tulikimbia humo miguu mitupu. Kisiki kimoja kikamwingia mdogo wangu katikati ya wayo.

Mama alikichomoa, kisha akanipa kazi mimi, kwa kuwa yeye alikuwa kwenye kupura. Kila jioni nipashe maji, nitie chumvi, nimloweke mguu na kuukamua mpaka damu itoke.

Siku ya kwanza nilifanya. Alilia kilio ambacho sikukiweza, ananiita jina langu, ananiomba. Siku ya pili, kabla sijauingiza mguu kwenye beseni, mbwa alikuja akaanza kulamba kile kidonda, na mtoto akacheka kwa kutekenywa. Nikaona, si ndiyo hii dawa? Nikamwacha alambe. Yale maji nikayamwaga kwenye migomba.

"Umemwosha?" mama akauliza.

"Nimemwosha."

Nikafanya hivyo siku nne tena. Kidonda kikafunga juu, kikawa na ngozi nyororo, nikajiona daktari.

Halafu asubuhi moja alishindwa kufungua mdomo anywe uji. Tulidhani ni mchezo wake. Kufika adhuhuri shingo ilikuwa imekakamaa na mgongo umepinda nyuma. Baba akampakia kwenye baiskeli, mama akitembea kando amemshika, mpaka barabarani wakapata lori la mahindi likawapeleka hospitali ya misheni. Ilikuwa pepopunda. Siku ya tatu walimrudisha amefungwa kwenye leso ya mama.

Mama alinishika kichwa akaniambia, ili kunifariji, kwamba nesi aliuliza kama kidonda kilioshwa. "Nikamwambia kila jioni, dada yake hakukosa hata siku moja."

Nikatoka nikaenda kuchota maji ya wageni wa matanga.

Baada ya mazishi jirani mmoja alitaja kwamba alimwona mbwa akilamba ule mguu. Baba akaniuliza. Nikasema mbwa alikuja mwenyewe, mimi nilikuwa nimeenda mtoni. Baba akachukua kamba na rungu. Mbwa alimfuata nyuma ya ghala akitikisa mkia. Hadithi ya supu hatukuisikia tena.

Miaka mingi baadaye, nikiwa kliniki na kifungua mimba wangu, mkunga alitufundisha kwamba pepopunda hukaa kwenye udongo na mavi ya ng'ombe, na huingia na mwiba au kijiti. Nikamuuliza, na mdomo wa mbwa? Akasema mdomo wa mbwa una uchafu wake na wa mtu una wake, lakini hakuna ulimi unaotoa udongo ulioingia ndani ya nyama. Kinachohitajika ni sindano, na kuosha. Nilibaki kwenye benchi mpaka wenzangu wakaondoka.

Leo ile sehemu yetu imeuzwa. Kaburi lake lilikuwa tuta dogo tu, walionunua wakalima juu, na nikienda siwezi kukuonyesha lilipokuwa. Baba amekufa. Mama amekufa akinishukuru kwa zile jioni. Wa kumwambia ukweli hayupo, na kukuambia wewe hakunisaidii kitu.

Siku hiyo ya juzi niliinuka kwenye ngazi, nikapasha maji nikatia chumvi, nikaanza kumwosha lile goti. Mjukuu alivuta mguu. "Kukhu, inachoma," akalia, "wacha, tafadhali wacha."

"Najua," nikamwambia. Niliushika mguu, na sikuuachilia mpaka maji yakaisha kwenye beseni.