Nusu Kilo ya Ziada

Ofisini walimwita Mama Desimali, kwa kuwa hakuvumilia namba iliyokatwa njiani. Kazi yake ilikuwa kukadiria, kata kwa kata, ni watoto wangapi wana utapiamlo. Katika kata ndogo kuliko zote, utafiti ulipima watoto kumi na tisa tu. Hao hawatoshi kusema lolote, basi akajazia kwa rekodi za uzito za zahanati, akazichukua kama zilivyo. Makadirio yakatoka mazuri. Kata ikaondolewa kwenye mgao wa unga wa lishe.

Baada ya miezi mitatu dada yake, muuguzi wa zahanati hiyohiyo, akapiga simu.

"Mdogo wangu, mnahesabu watoto gani huko? Wa huku wamebaki mifupa."

"Lakini dada, uzito ulioandika wewe unasema wako salama."

"Mimi naandika kile inachosema mizani."

Kesho yake Mama Desimali alifunga safari hadi zahanati. Akaning'iniza pakiti ya sukari ya kilo mbili kwenye mizani ya watoto. Mshale ukasimama kwenye mbili na nusu. Akarudia mara tano, ni ileile. Dada mtu akakaa benchini, mikono kichwani.

"Nimewapima hivi mwaka mzima."

"Na mimi nikaziamini rekodi zako kama msahafu. Sikuuliza mizani ina makosa kiasi gani."

Aliporudi ofisini kueleza kosa hilo, mkuu wake alipandwa na hasira. "Ripoti imeshasainiwa! Unataka tuwe kichekesho?"

"Acha watucheke, mkuu."

Mama Desimali akaagiza mizani za zahanati zote zikaguliwe. Kila moja ilikuwa na uongo wake. Akasahihisha alichoweza, na rekodi akazipa nafasi ndogo katika hesabu, kadiri zilivyotia shaka. Sasa kwa kata ile ikatoka kwamba theluthi ya watoto wana utapiamlo, pengine robo, pengine karibu nusu.

"Mbona unababaisha?" mkuu akauliza.

"Sibabaishi. Tunachojua kinaishia hapo."

Unga ulirudishwa baada ya wiki sita. Mtoto mmoja wa kike, wa miezi kumi na minne, hakuufikia. Kama ungemwokoa au la, Mama Desimali alijaribu kukadiria, akashindwa, akaifuta hesabu.

Dada yake aliomba uhamisho. Hawakugombana. Siku hizi wakipigiana simu husalimiana, huulizana habari za mama yao, kisha kila mmoja huogopa kuwa wa kwanza kukata.